Kitindamimba

Juu ya duka la Shabbir, Mtaa wa Biashara,
ngazi kumi na nne, ya tisa imebonyea,
kila Jumanne baada ya isha
tunachezea vifungo.
Vyeupe vya shati, shilingi ishirini.
Vyeusi vya suruali, mia.
Mama akiniuliza, nilikwenda kushonesha.
Na kimoja kikubwa cha koti, cha shaba,
hakinunui kitu, hakifungi kitu:
kinazunguka meza
kuonyesha nani atasema mwisho.

Mie ni wa saba kati ya saba.
Sinia lilinifikia likiwa na ukoko,
lakini hadi linifikie
nilishajua nani ana njaa, nani ana kiburi,
nani kala kwa jirani kaja kujifanya anakula.
Mkubwa husema kwanza, husema gizani.
Kifungo cha shaba kikitua mbele yangu
huwa nimefika kwetu.

Awadh wa spea husubiri ree
kama mtu anayesubiri kontena,
faili mkononi, mihuri yote ipo,
na gharama za bandari zinamla kila siku.
Mie sisubiri.

Usiku ule nilipewa saba ya pau na mbili ya uru.
Karata za kufagilia.
Mwalimu Mwakio akakuna sikio, akatupa.
Shabbir akazitazama zake mara mbili
(anayetazama mara mbili
hakupenda alichokiona mara ya kwanza)
akatupa.
Nikasukuma vyeusi vitatu.
Awadh akaguna, akatupa.
Akabaki Kitsao, mwendesha kreni wa Kilindini,
anayeshusha tani ishirini juu ya lori
bila kumwamsha dereva.
Akalipia.

Zikafunuliwa tatu:
ree ya kopa, tisa ya shupaza, nne ya uru.
Kitsao akagonga meza: napita.
Ree haikuwa yangu.
Wala haikuwa yake, pumzi yake haikubadilika.
Kiwanja kisicho na hati, pwani hii,
huwa cha atakayetangulia kuweka ua.
Nikaweka ua. Vyeusi sita.
Akalipia.

Ya nne, tatu ya pau. Akapita.
Vyeusi kumi na viwili.
Feni ikalia juu yetu.
Akalipia, safari hii polepole,
na ule upolepole ndio niliokuwa nikiununua.

Ya tano, ghulamu wa shupaza. Akapita.
Hapa ndipo waoga hugutuka
wakakumbuka walichoshika.
Sikukumbuka.
Nikasukuma vyote, vyeupe, vyeusi,
hata kile cha kijani kilichodondoka
kwenye gauni la bibi arusi fulani.
Nikanywa kahawa kwa kasi ileile
niliyoinywea Jumanne iliyopita
nilipokuwa na ree kweli.
Fundisho ni hilo, kama unalitaka:
uongo uvishwe nguo za ukweli wa jana.

Kitsao akanitazama
kama anavyotazama upepo ukicheza na kamba.
Akaonyesha mfalme na tisa. Akatupa.
Alikuwa mbele yangu tangu tisa ilipoanguka.

"Ulikuwa na nini?"
"Nilikuwa na kiti."

Shabbir alicheka hadi akakohoa.
Kitsao hakucheka.
Mwanawe amerudishwa ada shuleni;
alimnong'oneza Mwakio pale ngazini.
Anayesema mwisho husikia yote,
na hilo nalo nililisikia
kabla sijasukuma.

Kifungo kikasogea kwa Awadh,
kikasogea kwa Kitsao.
Sasa mie ndiye wa kwanza kusema,
na yeye kakaa nyuma ya maneno yetu sote,
anakisugua kile cha shaba kwa kidole gumba
kama anayepima kitambaa.
Nikafunua pembe: bibi na ghulamu,
kopa zote mbili, wamependeza kama picha ya arusi.

Nikawatupa.
Ilikuwa hofu, au ilikuwa deni, sikujiuliza.
Niliomba kahawa nyingine.
Ilikuwa imekwisha.